Chupa ya Pili ya Damu

Jumatatu, 3 Juni
Makala yangu ya gazeti imekwisha kabla ya chai. Nimemrarua mwakilishi wa wadi kuhusu maji, aya nne, sijutii hata moja. Saa nne wifi Mwanaisha amepiga simu: mdogo wangu Hamisi amelazwa Msambweni, homa na kifua. Nimetumwa mimi. Kwetu mgonjwa hajisemei kwa daktari. Husemewa na aliyesoma.

Jumanne, 4 Juni
Hamisi amekaa kitandani, anakula wali, anatania wenzake. Ni virusi, wamesema. Jana nesi alimtoa damu, leo anataka chupa ya pili. Kipimo kimoja hakitoshi, ameeleza. Kuna kitu hupanda katika damu mwili unapoanza kuzidiwa, na chembe fulani nyeupe hupungua. Wakilinganisha siku mbili wanaweza kumjua atakayekosa pumzi kabla hajaikosa.

Nikamuuliza damu inakwenda wapi, utafiti wa nani, fomu ya idhini iko wapi. Miaka yote nimewaandika watafiti wanaochota damu ya Wapwani na kutokomea. Wapo, na bado nitawaandika.

"Si ya utafiti, mama. Ni maabara yetu hapo nyuma."

"Hata mumiani husema hivyo, mwanangu."

Wodi nzima ikacheka. Hamisi akacheka mpaka akakohoa. "Muache dada yangu, huyo humuwezi." Akashusha mkono wa shati. Nesi akaandika kwamba mgonjwa amekataa.

Nimerudi kwangu Ukunda na raha ya mshindi.

Jumatano, 5 Juni
Daktari alitaka abaki, wamtazame. Nilimwambia kitanda si jela. Nimetia sahihi, nimemchukua. Njiani alinyamaza. Nilidhani usingizi.

Ijumaa, 7 Juni
Alfajiri Mwanaisha kapiga. Midomo ya Hamisi ya kijivu. Hamalizi sentensi. Tumemrudisha, wakamtia oksijeni. Nesi yule yule. Hakunitazama kwa hasira, ningefurahi angenitazama hivyo. Safari hii walipochukua damu nilisimama ukutani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Jumamosi, 8 Juni
Hamisi amefariki saa tatu asubuhi. Tumemzika baada ya adhuhuri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Jumanne, 11 Juni
Nesi amekuja kutoa pole. Ameketi mkekani na wanawake. Nilimvuta kando nikamuuliza kama ile chupa ya pili ingemwokoa. Nilitaka anihukumu.

"Kipimo hakiponyi, mama. Kingetuonya tusimruhusu, tumuweke karibu na oksijeni. Zaidi ya hapo Mungu ajua."

Nimesoma rafu nzima za vitabu, na binti huyu alijua jambo moja nililolihitaji. Nikalifanyia mzaha mbele ya watu. Nilikuwa sahihi juu ya watu wengine kabisa, ambao hawakuwamo mle wodini.

Jumapili, 16 Juni
Mwanaisha yumo edani. Nimeshinda naye, tukichambua mchicha. Bila kuulizwa akasema kwamba Jumatano ile, nilipomshusha nyumbani nikaondoka, Hamisi alishindwa kuvuka ua bila kupumzika. Yeye Mwanaisha alitaka kumrudisha hospitali jioni ile ile. Hamisi akakataa. Akamwambia wangoje mpaka Ijumaa, wasimwaibishe dada, amewajibu wale wa hospitali vizuri sana.

Hakunilaumu. Aliendelea kuchambua. Nikachukua sinia nikaenda kuosha mboga, maji mara tatu, mchanga ukaisha.