Bakary na Sungura wa Kwenye Sabufa

Siti, mimi nahama Masoko. Sitanii.

Bakary, yule anayetaka kunioa, kaja kujitambulisha kwa Shangazi Nasma na vile vidude vya blutuu masikioni. Kaingia, kakaa, anatikisa kichwa kama shehe. Shangazi akamuuliza anasikiliza nini.

"Mawaidha."

Mawaidha, shoga.

Shangazi akaenda jikoni kuangalia wali. Mara vidude vikaisha chaji, simu ikajiunga na sabufa yetu, maana sikukuu ya Idi nilimuunganishia mimi mwenyewe. Nyumba nzima ikasikia: "Shikamoo Mama Fisi, ni mimi Sungura."

Shangazi huko jikoni akaitikia, "Marahaba baba, karibu ndani."

Marahaba. Kwa Sungura.

Kumbe ni zile hadithi za zamani za watoto, za kusikiliza bure. Mtu ana miaka thelathini na nne. Anahangaika kuzima, jasho linamtoka, Shangazi akatoka na mwiko: "Iache. Nataka kujua Mama Fisi alimfanya nini."

Tukasikiliza mpaka mwisho, wote watatu.

Nikajikaza. "Shangazi, sasa mgeni tumjibuje?"

"Mgeni yupi? Aliyeniamkia humu ndani leo ni Sungura peke yake."