Mabati ya Mama na Wakadiriaji wa Kodi

Walukuba, Jinja
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum, wewe na wote waliomo humo ndani, pamoja na mdogo wangu Ramadhani anayekusomea barua hii. Namwomba asome yote bila kuruka, hata pale nitakapomtaja kwa ubaya. Mimi mwanao ni mzima. Nakula, nalala, na jino lile lililokuwa likinisumbua nimeling'oa. Wewe je? Kifua vipi? Usiniambie tena "kidogo tu", Mama. Nimechoka na hiyo "kidogo tu", na sababu yake utaiona mbele.

Kiwandani tunaendelea. Mashine kumi na mbili za kufuma sasa zinazunguka, mbili kati ya hizo nimezifufua mwenyewe kwa vyuma vya zile zilizokufa wakati wa vita. Mzee Lalji, mwenye kiwanda, yule Mhindi aliyefukuzwa zamani na sasa amerudi, huja kila asubuhi akasimama mlangoni na kusikiliza tu. Anasema sauti ya mashine humpa usingizi mzuri kuliko dawa. Mshahara unachelewa lakini unakuja. Namshukuru Mungu kwa hilo, maana wapo wasio na wa kuchelewa.

Kinachonikosesha raha ni kodi ya kichwa. Mwaka juzi walinipanga daraja la kati, nikalipa. Mwaka jana wakanipandisha, nikalipa, nikanung'unika. Mwaka huu wamenipandisha tena, na nilipouliza sababu, karani akafungua daftari lake akasoma: "Ana redio." Kumbe wakadiriaji walipita mlangoni kwangu siku ya mechi wakaisikia. Mama, mshahara wangu ni ule ule, na bei ya sukari unaijua wewe mwenyewe. Redio yenyewe betri zake nilikuwa nikizianika juani ili zipate nguvu. Baada ya hapo nikawa naisikiliza chini ya blanketi, kama nimeiiba.

Wenzangu wengine wameamua kukimbia. Juma hili askari wa halmashauri walifunga njia zote mbili za kutoka hapa Walukuba alfajiri, wakitaka tikiti ya kodi kwa kila mwanamume. Fundi mwenzangu alijificha kwenye matete ya ziwa mpaka saa nne, akaja kazini na ruba amemganda mguuni. Tulicheka sana, naye akacheka. Lakini nilipokuwa nikimng'oa yule ruba nilijiuliza hii ni nchi gani, mtu mzima mwenye wake wawili anajificha majini, na vita wanasema vimekwisha. Mimi sijawahi kulala kwenye matete. Tikiti yangu iko kwenye mfuko wa shati, ndani ya nailoni. Nalipa. Ninachotaka kujua ni inakokwenda.

Basi nikaenda kuuliza. Halmashauri iliita wananchi wote wasikilize makadirio ya matumizi, nikaenda na shati langu la Idi. Mwenyekiti ni mtu wa jeshi aliyevua sare, bado tunamwita afande. Karani akasoma: gari la mwenyekiti, uzio wa ofisi, viti vya kuzunguka, sherehe za ushindi. Nilingoja nisikie bomba la maji la mtaa wetu, ambalo halijatoa tone tangu vita. Nilingoja nisikie zahanati. Vilikuja mwishoni, vimebanana kwenye mstari mmoja, na mbele yake wameandika "ikiwezekana".

Nikasimama. Nikasema, "Afande mwenyekiti, naomba kuuliza. Hiyo uzio, mnazuia nani?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akasema, "Bwana, nchi najengwa. Wewe nataka nani ajenge bure?"

"Sitaka bure, afande. Mimi nalipa kila mwaka, tikiti hii hapa. Lakini nyinyi naongeza kodi kwanza, halafu ndiyo natafuta kazi ya pesa. Kwa nyumba yangu mimi natazama kwanza iko nini mfukoni, halafu ndiyo naenda sokoni."

"Serikali si nyumba yako," akasema, na karani akageuza ukurasa.

Wengine waliniambia nimekosa adabu. Mimi naona nilikuwa na adabu nyingi mno. Unakumbuka marehemu Baba, na uaskari wake wote, alivyokuwa akisema kwamba serikali inatosha iwe mlinzi wa mlangoni: imlipe mwanajeshi ili asituibie, ichunge barabara, imwadhibu mwizi, na mengine ituachie wenyewe. Tumeona serikali ngapi, Mama? Kila moja iliingia ikisema ile iliyopita ilikuwa ikila. Hii nayo nasema ni nzuri, askari wake wanasalimia, siwezi kuwasingizia. Lakini ninapoona viti vya kuzunguka vinatangulia bomba la maji, moyo wangu unakataa. Ugonjwa huu wa kushuku sidhani kama nitapona.

Na ugonjwa huo ndio ulionifanya nikuandikie yale niliyokuandikia kuhusu mabati.

Nataka niyaseme hapa yote, ili na Ramadhani asikie kwamba naijua hesabu yangu. Vita vilipofika Mbale, wanajeshi waliokuwa wakikimbia waling'oa mabati ya nyumba yetu, mtaa mzima wa Nabuyonga ukabaki kuta tupu zikitazama mbingu. Ramadhani akaezeka nyasi. Mimi nikabana hapa na pale mpaka nikanunua mabati ishirini, nikayapakia kwenye lori la pamba. Pamoja nayo nikaandika: yasipigiliwe kwanza. Nilijua Ramadhani atakadiriwa hapo nyumbani, na wakadiriaji hawaulizi mtu anapata nini, wanatazama paa. Nyasi ni daraja la chini. Bati jipya linalong'aa, hata kama ndani hamna chumvi, watasema Ramadhani fundi baiskeli ametajirika. Nikaandika nyumba isionekane kutoka barabarani kuwa na kitu. Ngojeni wakadiriaji wapite.

Wakapita. Nikasikia kodi itapanda tena, nikaandika: ngojeni kidogo. Ikapanda. Nikaandika: bado. Mvua za masika zimekuja mara tatu tangu hapo, na kila barua yako ilirudi na maneno yale yale, "Mabati yako salama, mwanangu." Nami nilikuwa nikiyasoma maneno hayo nikajipongeza. Nilijiona mjanja kuliko halmashauri nzima.

Na si mimi peke yangu. Siku moja nilikwenda nyumbani kwa Mzee Lalji kumtengenezea feni. Nje ya nyumba ile rangi imebabuka mpaka matofali yanaonekana, dirisha moja limezibwa kwa boksi. Ndani, Mama, kuta nyeupe kama maziwa, na vigae vipya sakafuni. Akaniona ninavyoshangaa, akasema, "Ndani napaka kwa sababu naishi. Nje nitapaka siku nitajua hawa watu nataka nini." Nilirudi nikiwa nimefurahi. Nikasema kama tajiri aliyewahi kunyang'anywa kila kitu anafanya hivyo, basi na mimi sikukosea. Sikujiuliza jambo moja dogo, kwamba yeye ndani kwake hakuvuji.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Alhamisi alikuja kiwandani Mama Nambozo, jirani yako, kununua vitambaa vya kwenda kuuza. Akaniita kwa sauti getini mbele ya watu wote, kwa ile lafudhi yake inayogeuza Marajani kuwa Malajani.

"Wee Malajani! Mama yako nasalimia. Lakini wewe mtoto gani? Yale mabati nangoja nini?"

Mama, unajua nilimjibu nini? Nilitazama kushoto na kulia, nikamwona askari wa getini, nikamwona karani mmoja amesimama na wauza mahindi, nikasema, "Mabati gani?"

Akanitazama. "Mabati ya mama yako."

"Mama yangu hana mabati. Nyumba yake ya nyasi."

Nilidhani ametumwa. Naona haya kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama Nambozo, aliyetuficha shambani kwao kule mlimani siku zile mabomu yalipokuwa yakilia, mimi nilidhani wakadiriaji wamempa kitu ili anichunguze. Yeye akafungua furushi la leso yake akatoa kawa ya kufunikia chakula uliyonisukia, akasema pole pole, bila kelele tena:

"Nyasi naoza, nyumba iko navuja kila mahali. Mvua nakuja, Lamazani nasimamisha mabati juu ya kitanda, mama nalala chini yake kama kuku. Maji napiga pale juu yake usiku mzima. Mimi nasema, mama, pigilia basi. Yeye nasema, hapana, Malajani amesema bado."

Sikumwamini hata hapo. Nilimshukuru kwa kawa, nikampimia vitambaa, nikamzidishia kipande ili aondoke upesi. Nilipofika chumbani nikaiweka kawa juu ya sahani ya ugali, nikaiona. Ule ukindu mwekundu na wa kijani, kazi ya mikono yako ambayo hakuna mwanamke wa kwetu anayekufikia, umekatwa na michirizi ya kutu. Mistari imepangana, nafasi ile ile kati ya mmoja na mwingine. Mtu yeyote aliyewahi kubeba bati anazijua nafasi hizo za mikunjo yake. Ulikuwa unaisuka na kuiweka pale pale kitandani, chini ya ukingo wa bati, na maji yakadondokea juu yake.

Sikula. Nililia, Mama, sioni sababu ya kukuficha.

Ramadhani, hapa ndipo pako. Ulikuwa unaandika kwa mkono wako "mabati yako salama" na wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukiyasimamisha juu ya mama yetu mvua ikinyesha. Kwa nini hukuniambia? Nimekukasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikazitoa nakala ninazoweka za barua zangu za zamani, nikasoma jinsi nilivyokuwa nikikukaripia, "fanya ninavyosema, mimi ndiye mkubwa", nikajiuliza, ungeniambia vipi? Basi hasira hiyo nimeigeuzia mwenyewe.

Nimelifikiria jambo hili mpaka kichwa kimeuma. Kodi nimeipinga na nitaipinga. Wanatoza mno, wanatumia ovyo, na serikali inayomfanya mtu afiche riziki yake halali kama mali ya wizi imekosea njia, hilo hawanibadilishi. Lakini mimi nilidhani kwa kuficha nimewanyima. Hawakunyimika kitu, wao wanakalia viti vyao. Kodi ya paa lile ililipwa, tena ililipwa kila mvua iliponyesha, na aliyeilipa ni wewe, kwa kifua chako. Mkadiriaji gani angekupandisha daraja kama nilivyokupandisha mimi?

Kwa hiyo sikilizeni. Nimempa dereva wa lori la pamba misumari kilo tatu, atafika Jumatano. Ramadhani, chukua wenzako wa baiskeli, mng'oe nyasi yote, mpigilie mabati yote ishirini kabla ya Ijumaa. Yaliyoshika kutu yaweke upande wa jikoni, yaliyo mazima juu ya chumba cha Mama. Usiache nyasi hata shada moja kwa juu ili kupumbaza watu, nakujua. Usiyapake matope. Yaache yang'ae. Kodi yako itakayopanda, ile nyongeza nitaileta mimi, nimekwisha kuiuza ile redio. Wewe ukipewa tikiti, itunze vizuri, na halmashauri ya huko ikiita wananchi, nenda. Vaa shati safi, simama, uliza pesa inakwenda wapi. Watakucheka kama walivyonicheka. Mimi hapa nitauliza tena, nimekwisha kuwaandikia barua kuhusu ule uzio, na safari hii nimeweka jina langu kamili.

Na wewe Mama, Ramadhani akupeleke hospitali kabla misumari haijafika. Usimwambie daktari "kidogo tu".

Nisalimie dada yetu Kaltuma na mumewe fundi viatu, mwambie Kaltuma mtoto akizaliwa nipewe habari kabla ya majirani. Nisalimie mjomba mwadhini, sauti yake naikumbuka kila alfajiri. Nisalimie Mama Nambozo kuliko wote. Mwambie Malajani anaomba radhi, na safari nyingine vitambaa vyake nitampimia kwa moyo.

Kawa yako haijaoshwa. Inakaa juu ya chakula changu kila siku na kutu yake, nami nakula huku nikiitazama. Idi nitakuja nikijaliwa, na nikishuka kwenye basi nataka niione nyumba yako kutoka pale pale barabarani.

Wakija wakadiriaji wakauliza, "Mabati haya ya nani?", usimwachie Ramadhani ajibu. Jibu wewe.

Ni mimi mwanao uliyenitii pasipostahili,
Marajani