Mtu wa Arobaini na Moja

Baba Nadhira,

Nisamehe kwa kukawia kuandika. Nilingoja hasira ipoe, imegoma. Mtoto ameota jino la pili, na baridi ya hapa Mazwi unaijua.

Siku mlipowasilisha tafiti zenu za uzamivu ili mkosolewe, nilikutazama kwenye simu dukani kwa rafiki yangu Munira, Nadhira mgongoni. Mwenzako mmoja alisifiwa rangi za michoro. Wewe ukasema wenye maduka wa hapa Sumbawanga hawatumii kompyuta kusimamia mizigo kwa sababu ya uelewa mdogo. Munira akacheka, "Shemeji huyu! Si tulimwandikia kwenye madodoso yake kwamba umeme unakatika?" Profesa akakwambia uongeze nadharia, ukaitikia kama mtoto wa chekechea.

Kisha ukajigamba umehoji watu arobaini na mmoja. Mume wangu, madodoso niliyazungusha mimi, duka kwa duka, na waliojibu ni arobaini. Hapo ndipo nilipojua kadi ya kliniki ya Nadhira, niliyoitafuta nyumba nzima, iko wapi. Niliifungia kwa bahati mbaya kwenye bahasha ya madodoso niliyokutumia, nawe ukaihesabu kama mtu. Hukusoma hata karatasi moja, na hao wasomi wenzako hawakuuliza.

Chanjo ya surua imechelewa wiki tatu, nesi anataka kadi.

Kwa basi la kesho nitumie sweta zito la mtoto, madodoso yote arobaini niwarudishie wenyewe, na hiyo kadi. Utaitambua: ndiyo pekee yenye jina lako, palipoandikwa baba.

Mkeo,
Kulsumu