Dengu za Mtu Mmoja

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba masikio hayajazidi kukusumbua. Ningepiga simu, lakini tukipigiana tunaishia kupayuka mpaka majirani wa pande zote mbili wanajua habari zetu kabla yetu wenyewe. Bora karatasi.

Mimi si mzima sana, na ndiyo sababu ya kuandika. Jumanne iliyopita nilizimia kazini. Nilikuwa dirishani napokea fomu za watu, nikaona herufi zinaelea, kisha nikajikuta sakafuni. Wanasema niliuangukia muhuri niliokuwa nao mkononi, na waliponiinua shavu langu lilikuwa limeandikwa IMEPOKELEWA. Wenzangu wawili wa masjala hawajaacha kuniita hivyo. "Imepokelewa, habari za asubuhi?" Mkuu wa masjala hakucheka. Aliandika kwenye faili langu kwamba niko kwenye majaribio hadi mwisho wa Aprili, na kwamba nikianguka mara ya pili nitarudishwa nyumbani kwa kukosa afya ya kazi. Nimeusoma ukurasa ule mara tatu nikitafuta upenyo. Haupo.

Daktari hakuona ugonjwa. Aliniambia, "Kijana, kula." Ukweli ni kwamba tangu nihamie hapa nakula mkate na chai, asubuhi na jioni. Mgahawani mshahara wangu haufiki. Jiko lipo, ila tunalitumia wapangaji wanne, na nikisikia sauti zao mle ndani mkono unagoma kusukuma mlango. Unanijua tangu utoto. Sitaki kuulizwa "unapika nini?" wakati mwenyewe sijui.

Nifundishe chakula kimoja cha bei nafuu, cha mtu mmoja. Kimoja tu. Nitakifuata neno kwa neno.

Wako mwenye wasiwasi,
Mwanao


12 Februari

Mwanangu karani,

Marahaba, marahaba. Mimi mzima, miguu tu inalalamika. Hiyo ya shavu imenichekesha mpaka nikakaa chini, kisha nikaona haya. Mtoto wa kaka yangu anaanguka kwa njaa, na mimi nimeshika mwiko miaka ishirini na tisa! Watu wakisikia wataninyang'anya jina la mpishi.

Lakini swali lako gumu. Pale shule ya bweni nilipikia wanafunzi mia tatu kila siku ya Mungu. Ukiniambia mtu mmoja, mkono wangu haujui uanzie wapi. Nakupa dengu kama zilivyo kichwani mwangu. Wewe ndiye uliyesomeshwa, gawanya.

Dengu kilo thelathini, uzichambue mawe. Maji lita sabini na tano. Vitunguu mia na hamsini. Nyanya mia tatu. Chumvi kilo moja na nusu. Mafuta lita sita. Kaanga vitunguu, tia nyanya zilainike, mimina dengu na maji, weka chumvi, funika, saa moja. Usikorogekoroge kama mtu aliyedondosha pete.

Na hao wa jikoni, wanakula watu? Ingia, baba. Tumbo halijui aibu.

Ni mimi,
Shangazi yako


25 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Jaribu kuiinua juu ya kigoda unapopumzika.

Nimegawanya. Nilifanya hesabu mara mbili na kuihakiki kwa penseli nyekundu. Tatizo lilikuwa saa moja: nilipoigawa kwa mia tatu nilipata sekunde kumi na mbili. Nikaona hapo pana kasoro, nikaiacha saa moja ilivyo.

Nilingoja Jumapili mchana, wenzangu wote wakiwa matembezini. Nikafunika sufuria, nikaenda chumbani kusoma. Haikupita nusu saa, moshi ukaanza kupita chini ya mlango wangu. Kisha nikasikia sauti. Dada fundi cherehani wa chumba cha kwanza alikuwa amerudi mapema, pamoja na mlinzi wa ghala wa chumba cha pili.

"Nani anachoma soli za viatu?"

"Si yule karani wa chumba cha nne?"

"Kumbe naye hupika? Mimi nilidhani anaishi kwa wino."

"Zima moto kwanza, umbeya utaukuta."

Nilikuwa nimekaa kitandani, viatu mguuni, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Sikutoka mpaka jioni. Nilipotoka nikakuta sufuria yangu mlangoni, imesuguliwa ikang'aa kuliko nilipoinunua. Sijui nimshukuru nani, kwa hiyo sijamshukuru mtu.

Alhamisi kazini sakafu ilicheza tena. Nikashika rafu ya mafaili nikajifanya natafuta. Mkuu akanitazama juu ya miwani. "Hilo faili umelipata?" Nikasema bado. Nilibaki pale nikitafuta faili lisilokuwepo mpaka sakafu ikatulia.

Shangazi, nimefikiri. Tangu mumeo, Mzee wetu, afariki, na wewe unaishi peke yako. Bila shaka unapika za mtu mmoja. Niandikie hizo. Achana na za wanafunzi, nipe zako, unazokula mwenyewe.

Wako,
Mwanao


8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ipo, inanifikisha dukani na kunirudisha.

Zangu ni hizi. Dengu gramu mia moja. Maji robo lita. Nusu kitunguu. Nyanya moja. Chumvi gramu tano. Mafuta kijiko kikubwa kimoja na kidogo kimoja. Saa moja. Nazipika kila Jumatatu na sahani naimaliza. Mimi nakula vizuri, usijitwishe mzigo wangu juu ya wako.

Huyo aliyekusugulia sufuria mshukuru. Sufuria iliyoungua si mchezo, naijua.

Shangazi


19 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na unisamehe kabla hujaimaliza.

Nilizipika dengu zako kama ulivyoandika. Zikaungua. Harufu ile ile, moshi ule ule, hata doa chini ya sufuria limekaa pale pale. Jambo hilo likanishangaza. Nikazichukua barua zako mbili nikazilaza sambamba mezani, kama tunavyofanya masjala mtu akileta nakala tunayoitilia shaka.

Kilo thelathini kugawa kwa mia tatu ni gramu mia moja. Lita sabini na tano ni robo lita. Kilo moja na nusu ya chumvi ni gramu tano. Lita sita za mafuta ni kijiko kikubwa kimoja na kidogo kimoja, sawasawa, bila tone kuzidi. Saa moja hukuigawa, kama mimi. Na wewe Shangazi, ambaye hujawahi kuwa na mizani nyumbani, umepima chumvi yako kwa gramu.

Tena kuna nusu kitunguu. Ile nusu inayobaki kila Jumatatu huwa unaipeleka wapi?

Mimi ni mwoga. Sentensi inayofuata nimeiandika mara nne na kuichana mara nne. Hizi dengu hujawahi kuzipika. Nadhani hupiki kabisa. Unakula nini, Shangazi?

Wako kwa heshima,
Mwanao


10 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Wiki tatu zimepita na postamasta akiniona nikiingia anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Kama nimekukosea adabu, niambie nimekukosea, lakini niambie. Nimemwandikia na jirani yako mwenye duka. Amejibu mstari mmoja: "Yupo, anatembea, ana hasira." Nilifurahi mpaka nikaisoma tena ile ya hasira.

Kwa kuwa hukujibu, sikuwa na wa kumuuliza. Mkate ulinishinda kumeza na Aprili inakimbia. Basi Jumamosi, saa moja jioni, nikachukua dengu na sufuria nikaingia jikoni watu wakiwemo. Wote. Fundi cherehani, mlinzi, na muuguzi wa chumba cha tatu. Maneno niliyoyaandaa yalinipotea. Nikasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nachoma viatu."

Kisha mlinzi akasema, "Tulikuwa tumekwisha kumshtaki paka."

Fundi cherehani akaniuliza nimetia maji kiasi gani. Nikamtolea karatasi yangu. Akaisoma mbele nyuma. "Karani, hapa umefunga mkataba na sufuria, au unapika?"

"Ndivyo vipimo, dada."

"Maji hayaulizwi kwa barua, mdogo wangu. Yanatazamwa. Yakipungua, ongeza. Mguu wako usitoke hapa."

Nikasimama pale dakika arobaini natazama dengu. Niliongeza maji mara tatu. Muuguzi akaniambia nipunguze moto, mlinzi akaniambia niuzidishe, wakagombana wao, mimi nikaponea hapo. Nilikula sahani mbili. Fundi ndiye aliyesugua sufuria siku ile. Nimemshukuru, akasema nimechelewa kama barua za serikali.

Nina dengu tumboni, Shangazi, lakini bado nakusubiri.

Mwanao


21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilikasirika, ndiyo. Nilikasirika wiki ya kwanza kwa sababu umenisema, na ya pili kwa sababu ulikuwa mkweli. Wiki ya tatu nilikuwa na kazi, utaisikia.

Sipiki. Tangu Mzee aondoke, miaka miwili sasa, nakula mkate na chai kama wewe. Siku nyingine chai peke yake. Shuleni nilipikia watoto mia tatu, jioni narudi nampikia yeye, na yeye ndiye aliyekuwa akisema, "Kaa, mama, tule." Mwenyewe sijawahi kujiambia kaa tule. Unasimama jikoni, unaitazama sahani moja, unaona ni usumbufu bure. Ulipoomba za mtu mmoja niliona aibu kusema sizijui. Nikachukua kalamu nikagawanya. Sikujua wewe nawe umegawanya. Mwongo na asiwe na mtoto karani.

Hasira ziliponiisha nikaenda sokoni kununua kisufuria, maana kidogo nilichonacho kinatosha watu ishirini. Muuzaji akaniuliza, "Bibi, mjukuu wa kuchezea ana umri gani?" Nikamwambia, "Sabini na moja."

Sasa sikiliza kazi yangu. Mara ya kwanza ziliungua. Nikakutukana. Mara ya pili nilizidisha maji, nikapata maji ya kuoshea dengu. Mara ya tatu nikaelewa kitu ambacho miaka ishirini na tisa sikukijua: sufuria kubwa likifunikwa halipotezi maji, ila hiki kidogo kinakauka kama mate ya mwongo. Vikombe vitatu vya maji kwa kikombe kimoja kisichojaa cha dengu, na kikombe kingine cha maji ya moto pembeni cha kuongezea. Nusu saa, dakika arobaini zikiwa kaidi. Chumvi mwishoni, kwa vidole, uonje. Kitunguu kizima. Tusidanganyane tena na nusu.

Ya tatu hiyo nilikaa nikala nusu. Nusu nikampelekea mwenye duka, yule mpelelezi wako.

Wewe usianguke. Zimebaki siku tisa.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama palepale posta, postamasta akaniomba nisogee watu wapite.

Juzi nilikwenda kwa daktari nikapimwa, na leo asubuhi Mkuu wa masjala akaniita. Nilivaa shati lile la mahafali. Akafungua faili langu, akausoma ukurasa wa Februari polepole kana kwamba hakuuandika yeye. Mikono yangu nilikuwa nimeikalia.

"Daktari anasema huna kasoro."

"Ndiyo, Mkuu."

"Mwezi mzima sijakuona ukikumbatia rafu."

Kumbe alikuwa akiona. Nikasema, "Faili nililipata, Mkuu."

Akavua miwani. "Nani anakupikia?"

"Najipikia mwenyewe."

"Basi huyo mpishi usimfukuze," akasema, akatia sahihi. Nimethibitishwa kazini, Shangazi. Nilitoka nikapita dirishani pangu, nikaenda mpaka nje barabarani, nikasimama kidogo, nikarudi.

Nina ombi moja. Usiniandikie kuhusu mimi. Nina viazi, mayai, kabichi, na watu watatu wanaopishana maneno juu ya sufuria yangu kila jioni. Mimi sitakufa njaa. Niandikie umekula nini wewe. Hata mstari mmoja. Kama hukula, andika hukula. Sitagombeza, ila nitapanda gari.

Wako,
Mwanao


11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hongera, hongera sana! Nimemsomea mwenye duka kile kipande cha rafu mara mbili, naye amewasomea wateja.

Jumatatu nilikula dengu. Jumanne sikula, naandika kama ulivyotaka. Jumatano viazi vya kuchemsha na yai, nikaona ni vizuri, nikarudia Alhamisi. Leo nimebandika wali na kabichi, na kabichi nimeikata nyembamba kwa sababu nilikuwa na hamu nayo tangu asubuhi, nikiwa bado kitandani, fikiria, mtu mzima kuamka anawaza kabichi. Nilitaka kukueleza jinsi ya kuikaanga isilegee, na habari za miguu, na mwalimu mmoja wa ile shule ya bweni aliyepita kunisalimu, lakini vitunguu vimeanza kubadilika rangi na siwezi kuandika huku natazama sufuria. Mengine utayasubiri. Naenda kutia kabichi, kisha nipakue nile kabla chakula hakijapoa.

Shangazi yako,
mwenye njaa