Profesa Aliyekalia Ndoo Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, jana redioni salio liliniishia pale nilipofika kwamba profesa kavua viatu mlangoni kwangu, basi niendelee. Kavua viatu, mwanamke anayefundisha mawakili, akakalia ndoo niliyoipindua maana viti vimejaa nguo za watoto, akasema, "Dada, tumekuja kujifunza kwako." Mimi niliyeishia darasa la nne.

Maana Mama Pacha, fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja, kashikwa na watu wa uhamiaji, vibali vimekwisha, wanataka kumrudisha kwao ambako hana hata mtu, mapacha wake wako kwangu, na profesa na wanafunzi wake wanamtetea bure, kesi Jumatano. Lazima waoneshe kaishi hapa miaka kumi na moja na karatasi za miaka hiyo hana, ila mimi nakumbuka siku aliyoingia, mvua, cherehani kichwani, na mapacha nilikuwepo wakizaliwa, wa pili katanguliza miguu.

Profesa mwenyewe haulizi. Anauliza binti mwanafunzi, akakwama, nikataka kumsaidia, profesa kaweka mikono mapajani anangoja tu kama anangoja maji yachemke, mpaka binti akalipata swali mwenyewe, swali la maana, nywele zikanisimama. Sijawahi kuona mtu anajua yote halafu ananyamaza. Kisha binti akaniambia, "Mama, sema ulichokiona, siyo ulichosikia." Hapo robo tatu ya maneno yangu yakafa.

Sasa tatizo. Habari ya vibali niliitoa mimi. Niko saluni, stori zimenoga, nikasema maskini Mama Pacha vibali vimemwishia, kumbe anayesukwa pembeni yangu ni mke wa afisa wa uhamiaji. Siku ya tatu wakaja. Sijamwambia mtu, mara yangu ya kwanza kukaa na neno. Profesa ananiita daftari lao. Nikisema ataniondoa kwenye ushahidi, Mama Pacha atapelekwa, nisiposema nitaapaje? Jana pacha mmoja kaniuliza, "Mama mkubwa, nani alimsema mama?" Nikamwambia akanawe mikono.

Nifanyeje, maana hata usiku, ngoja, binti huyo anagonga, kaja kunifanyisha mazoezi

*

Dada yangu, umenichekesha, halafu ukaniondolea raha. Ulikosea. Siri ya jirani haikuwa yako kuitoa, hata kwa huruma. Lia kidogo, ufute machozi, Jumatano haikungoji.

Wakili wa jirani yako hafichwi kitu. Ukinyamaza, upande wa pili ukakuuliza mbele ya hakimu, binti wa watu atakwama, na safari hiyo hakuna wa kumngojea. Ukisema leo, wana siku za kujipanga. Ile mvua na ile cherehani haviwi uongo kwa sababu ya mdomo wako wa saluni. Ubaki shahidi au utolewe, waamue wao, ndiyo kazi yao.

Nawe sema ulichofanya: wapi, siku gani, maneno gani. Kwamba yule mke wa afisa ndiye aliyepeleka habari, hukuona, unadhani tu. Mama Pacha akitoka, mwombe radhi wewe, kabla saluni haijamfikishia. Unaogopa profesa atakudharau, mtu aliyekalia ndoo yako?

Binti akigonga tena, mwambie amwite mwalimu wake. Ukimaliza kusema, weka mikono mapajani, ungoje.