Kaka, fulana ya semina na shamba la maharage

Shoga, uko wapi? Kaka ametuumbua leo!

Si alienda ile semina ya kilimo endelevu, siku mbili nzima? Akarudi na fulana, akamtangazia mama kwamba jembe limepitwa na wakati. Eti udongo unafunikwa tu kwa nyasi kavu, magugu yanakufa yenyewe. Haya, profesa.

Akafunika shamba lote la maharage. Lote! Halafu akapiga marufuku mtu kulikanyaga wiki tatu, udongo upumzike.

Leo kaleta majirani na bwana shamba waje kujifunza. Kwa mbali kijani tupu, kaka kifua mbele: "Mnaona maharage yangu?"

Maharage gani? Shoga, ni magugu! Yamejaa kama zulia!

Bwana shamba akamuuliza kwa upole, "Hizo nyasi ulizikata kabla hazijatoa mbegu?"

Kabla hazijatoa nini?! Kaka ndiyo kwanza anasikia! Mtaalamu wetu kapanda magugu kwa mikono yake mwenyewe!

Mama huyoo, ndani! Katoka na lile jembe lililopitwa na wakati, akamkabidhi mbele ya wageni.

Yuko shambani mpaka sasa, anapalilia. Fulana bado kaivaa.