Diski Mpya na Masomo ya Poongodi

Jumatatu, 7 Oktoba

Hili sijamwambia mtu: nikiwa peke yangu na laptop, kigugumizi changu hupotea.

Darasani hata jina langu, Yazhini, hunikaba koo. Lakini chumbani nikibonyeza kitufe cha kurekodi, nasoma somo zima la historia kama maji. Mwalimu Kanaga huyatuma masomo hayo kwa Poongodi, mwenzetu asiyeona, ambaye husikiliza kwenye simu ya mama yake. Hajui msomaji ni nani. Anaambiwa tu "mtu mwema". Nami nataka ibaki hivyo.

Leo diski imeanza kulia. Tak. Tak. Bibi akasema mjusi akilia upande wa mashariki ni heri.

– Si mjusi, Bibi. Ni diski.

– Basi nayo na iwe heri.

Jumatano, 9 Oktoba

Kwa fundi Muthupandi, na Baba. Fundi akaweka sikio kwenye laptop.

– Hii inakata roho, binti. Imezeeka kuliko bajaji ya baba yako, na ile nayo!

Akaweka diski tatu mezani. Moja iliyokwisha tumika – hiyo Baba aliisukuma pembeni papo hapo. Moja mpya, kubwa. Na SSD, ndogo, ile aina isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Baba akaikamata ile kubwa.

– Hii! Nafasi tele!

– Kaka, umekuja kununua diski au ghala? Ndani ya hiyo kuna sahani inazunguka. Mtoto ataipakia kwenye bajaji yako, na mashimo haya ya barabara za Madurai. Itafika nzima?

– Mimi naendesha taratibu.

– Wewe? Taratibu?

Hata Baba akacheka. Nilitaka kuuliza kama SSD itaingia kwenye laptop ya zamani hivi. Swali likakwama. Fundi hakunimalizia! Aligeuzageuza bisibisi mkononi, akangoja mpaka likafika lote.

– Hii bapa inaingia, akasema. Zile nyembamba kama chingamu ndizo hazina pa kukaa.

Ni wachache wanaojua kungoja.

Tumechukua SSD. Baba alikuwa ameweka akiba ya kushona viti vipya vya bajaji kabla ya sikukuu. Hilo hakulitaja. Njiani alisema tu kwamba viti vya zamani vimeshauzoea mgongo wake. Nilitazama nje.

Fundi anafunga duka kwa sikukuu, kwa hiyo amenipa waya wa kuunganisha diski mpya, ninakili mafaili nyumbani. Jumamosi atafunga diski yenyewe. Onyo lake: hata ikichukua siku nzima, nisiizime. Mgonjwa wa namna hii akilala, huenda asiamke.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ayudha Puja. Leo kila chombo cha kazi kinapumzika na kuheshimiwa. Baba ameosha bajaji, kaipaka sandali, kaponda ndimu kwa magurudumu kufukuza kijicho. Vitabu vyangu viko mbele ya Saraswati, mungu wa elimu. Hakuna kusoma mpaka kesho – mateso!

Laptop niliiacha chumbani ikinakili. Polepole mno, lakini inakwenda. Nikatumwa yasmini sokoni.

Kurudi – laptop iko madhabahuni! Imezimwa. Imefunikwa. Nukta ya sandali juu yake, na ua. Diski mpya kando, nayo ina nukta yake.

– Bibi!

– Mwaka mzima inakutumikia, mjukuu wangu. Leo wewe unapumzika, yenyewe ifanye kazi? Hiyo si haki.

Waya ameukunja vizuri kabisa. Niliogopa kuiwasha, nikaiachia fundi. Nimekula dengu za nazi za sikukuu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Vitabu vimerudi! Nimesoma kurasa nyingi kabla ya chai. Duka limefunguliwa, maana leo ni siku njema ya kuanza kazi.

Diski ya zamani haikuamka. Fundi alijaribu kila njia, kisha akaivisha ua lililobaki mezani.

Lakini SSD – laptop inawaka kabla sijavuta kiti! Na masomo yapo. Yote, isipokuwa mawili ya mwisho, ambayo sijamtumia Mwalimu. Ndiyo ya mtihani wa Jumatatu.

Nashukuru. Kweli. Yangeweza kupotea yote. Ila Poongodi hana njia nyingine ya kuyasoma. Kurekodi upya naweza, lakini nitamfikishiaje? Mwalimu yuko kijijini kwao, simu haipatikani.

Baba kaponyokwa na ulimi, Bibi akajua. Halafu akaja kunisuka nywele, jambo ambalo hajafanya tangu nilipokuwa mdogo.

– Mimi ndiye niliyeharibu. Lakini wewe una miguu. Nenda ukamsomee.

Rahisi kusema!

Jumapili, 13 Oktoba

Naandika nikiwa kwa kina Poongodi. Haraka haraka, juu ya mkeka.

Mama yake alinifungulia, akarudi jikoni. Poongodi alikuwa akitunga yasmini kwenye uzi.

– Nani?

Y... Y... Akangoja.

– Yazhini? Wa dawati la nyuma? Kaa basi, usisimame kama mkaguzi. Umeniletea nini?

– Hi... historia.

– Loo! Mimi nikadhani peremende.

Nikafungua kitabu. Neno la kwanza likakwama. La pili pia. Nilitamani kukimbia. Halafu sentensi ikanyooka. Na nyingine. Vidole vyake vikasimama kwenye uzi.

– Rudia hapo.

Nikarudia. Aliinuka, akaingia ndani akipapasa ukuta.

– Mama! Mama, acha sufuria! Njoo usikie! Ni ile sauti ya kwenye simu!

Bado wako huko. Mlango wa nje uko wazi, na viatu vyangu viko pale pale. Sikuviendea. Nimefungua somo la pili na kuweka kidole kwenye mstari wa kwanza.